Pesa Hufuata Daftari

Lilikuwa kaunta buku la kwaya mbili, jalada gumu, lile lile ambalo wanafunzi wa sekondari huandikia noti. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa amelipigia mistari kwa rula na kalamu ya bluu: namba, jina, idadi ya watu, simu, sahihi. Mafuriko yalikuwa yamepungua siku tatu kabla, na mtaa mzima wa bondeni ulinuka tope na mafuta ya taa. Mimi niliombwa kazi ndogo tu: kuyanakili majina kwenye kompyuta ili orodha ipelekwe kata, kisha wilayani.

Nilipofika ukurasa wa nne nikaona nyumba moja imeandikwa mara tatu. Kwanza kwa jina la mwenye nyumba, ambaye haishi pale. Kisha kwa jina la mpangaji wa chumba cha mbele. Kisha kwa jina la mdogo wa huyo mpangaji, aliyekuja kusalimia akakutwa na mvua. Lakini mama aliyepanga chumba cha uani, ambaye kila alfajiri alikuwa akikaanga vitumbua barazani, hakuwemo. Siku ya kuandikisha alikuwa kwa dada yake ng'ambo ya barabara kuu, amekwenda kulaza watoto pakavu. Maji yalimchukulia kikaango, jiko la mkaa, nusu kiroba cha unga wa mchele, na wateja wa wiki mbili. Nilimuuliza mwenyekiti tumwandikeje. Akaziangalia safu zake tano, akasema kwa upole, "Mwandike jina na simu, mwanangu. Hayo mengine hayana pa kukaa."

Maneno hayo sijayasahau, kwa sababu ndiyo kiini cha suala zima la fedha za kurejesha maisha baada ya maafa. Fedha hizo, ziwe za serikali, za mkopo wa nje au za bima, hufuata kilichoandikwa. Kisichokuwa na pa kukaa kwenye daftari hakifiki wilayani, hakifiki wizarani, na hatimaye hakijengwi upya. Ndivyo ilivyo kwa kaunta buku la mtaa, na ndivyo ilivyo kwa mifumo ya kompyuta ya serikali tajiri kuliko zote duniani.

Tuanze na jambo ambalo huchanganywa kila mara. Baada ya maafa yanahitajika madaftari mawili, wala si moja. La kwanza ni la uokoaji na misaada ya haraka: nani ana njaa leo, nani hana pa kulala, nani anahitaji dawa. Hili halina budi kuandikwa mbio mbio, na makosa yake yanavumilika, maana ni afadhali mtu apewe blanketi mara mbili kuliko mtoto alale kwenye baridi. La pili ni la kurejesha: jana palikuwa na nini hapa, kimepotea kiasi gani, na itagharimu kiasi gani kukirudisha katika hali ambayo mvua ijayo haitakibeba tena. Hili linataka utulivu, vipimo na ushahidi. Shida yetu kubwa ni kwamba daftari la kwanza huchukuliwa likafanywa la pili. Orodha iliyoandikwa kwa ajili ya kugawa unga na mablanketi inakuja kutumika miezi sita baadaye kuamua nani apewe kiwanja au mabati. Haikuandikwa kwa kazi hiyo. Haina safu ya mwenye nyumba na mpangaji, haina kiwango cha uharibifu, haina hata tarehe.

Mwaka 2024 Kenya ilipigwa na mafuriko ya masika, na serikali ikatangaza shilingi 10,000 kwa kila kaya iliyoondolewa kando ya mito ya Nairobi ili ipate pa kuhamia. Kwa anayekaa Mathare neno "kaya" si jepesi. Ploti moja ina vyumba ishirini vya mabati, kila chumba na mpangaji wake, na mpangaji mwingine amempangisha mwenzake upande wa pazia. Ni nani atakayesema kaya ni ngapi, tena baada ya tingatinga kupita? Kama hakuna orodha iliyokuwepo kabla ya maji kuja, inabaki kauli ya chifu, ya mzee wa mtaa, au ya aliyewahi kufika kwenye foleni.

Tofauti ya pili ambayo inafaa kila msomaji wa taarifa za maafa aishike ni kati ya uharibifu na hasara. Katika mazungumzo ya kawaida tunayatumia kama neno moja, lakini kwa watu wa tathmini ni vitu viwili. Uharibifu ni mali iliyovunjika au kufa: ukuta, mashua, daraja, ng'ombe. Hasara ni kile ambacho kingepatikana na hakikupatikana kwa sababu ya maafa, pamoja na gharama zilizoongezeka: siku ambazo mvuvi hakuingia baharini, maziwa ambayo hayakukamuliwa, maji yaliyonunuliwa kwa dumu badala ya kuchotwa. Njia hii ya kuhesabu ilianzia kwa wachumi wa Umoja wa Mataifa huko Amerika ya Kusini na ya Kati katika miaka ya 1970. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya, Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia wakakubaliana kuitumia kwa pamoja katika tathmini za mahitaji baada ya maafa.

Ili kuona tofauti hiyo ina uzito gani, angalia ukame ulioipiga Kenya kuanzia 2008 hadi 2011. Tathmini iliyofanywa na serikali pamoja na washirika wake ilikadiria athari zote kuwa shilingi za Kenya bilioni 968.6, karibu dola bilioni 12.1. Katika hizo, uharibifu ulikuwa bilioni 64.4 tu. Bilioni 904.1 zilizobaki zilikuwa hasara. Yaani katika kila shilingi 100 zilizopotea, kilichokufa au kuvunjika hakikufika shilingi 7. Ukame haubomoi ukuta. Unamkausha ngamia maziwa, unamlazimisha mfugaji kuuza mbuzi watatu kwa bei ya mmoja, unamtoa mtoto shuleni. Zaidi ya asilimia 70 ya athari zote zilikuwa kwenye mifugo. Sasa fikiria serikali ambayo fomu yake ya maafa ina swali moja tu: "Taja vitu vilivyoharibika." Mbele ya fomu hiyo ukame mkubwa kama ule ungeonekana mdogo mara kumi na tano kuliko ulivyokuwa. Na mama wa vitumbua? Kikaango na jiko ni uharibifu, havizidi bei ya mifuko miwili mitatu ya saruji. Wateja wa wiki mbili na mtaji uliokatika ndiyo hasara, na ndiyo iliyomfanya ashindwe kulipa kodi ya chumba mwezi uliofuata.

Wapo watakaosema haya ni matatizo ya nchi maskini, zisizo na kompyuta za kutosha. Sikubaliani, na mfano bora ninaoujua unatoka Marekani.

Kimbunga Katrina kilipiga pwani ya Louisiana tarehe 29 Agosti 2005. Baada yake jimbo lile likaanzisha, kwa fedha za serikali kuu, mpango wa kuwasaidia wenye nyumba kujenga upya, ulioitwa Road Home. Kanuni yake ilisomeka kama haki tupu: chukua thamani ya nyumba kabla ya kimbunga, chukua gharama ya kuitengeneza, kisha mpe mwenyewe ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili, baada ya kutoa malipo ya bima na misaada mingine, isizidi dola 150,000. Hakuna mahali palipoandikwa rangi ya mtu. Lakini New Orleans ni mji ambao bei ya nyumba katika mitaa ya watu weusi ilikuwa chini kwa vizazi vingi, hata kama nyumba ni ya ukubwa ule ule, vyumba vile vile, paa lile lile. Mbao na misumari haziuzwi kwa bei ya mtaa. Kwa hiyo familia mbili zenye nyumba zinazofanana zilipokea fedha tofauti kabisa: ile ya mtaa wa thamani ilipata gharama ya ujenzi, na ile ya mtaa wa bei ya chini ilipata bei ya nyumba ya zamani, isiyotosha hata kupiga bati. Wenye nyumba weusi na mashirika ya haki za makazi walikwenda mahakamani mwaka 2008, na mwaka 2011 kesi ikamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 62 kwa wenye nyumba ambao misaada yao haikutosha.

Takwimu za bei za nyumba hazikuwa za uongo. Zilikuwa sahihi kabisa, ila zilijibu swali ambalo si lake. Bei hukuambia soko lingelipa nini. Haikuambii fundi atadai nini. Naamini kasoro nyingi za takwimu za maafa ni za aina hii: namba safi, imewekwa mahali pasipo pake.

Marekani hiyo hiyo ina mfano mwingine ulio karibu sana na yule mama wa chumba cha uani. Bunge la kule linapotenga fedha za kujenga upya baada ya maafa makubwa, Wizara ya Nyumba, inayojulikana kama HUD, hugawa fedha hizo kwa majimbo kwa kukadiria mahitaji ambayo bado hayajafidiwa. Makadirio yanategemea sana kumbukumbu za wakaguzi wa FEMA, shirika la serikali la maafa. Katika kanuni zilizotumika kwa maafa mengi ya miaka ya karibuni, nyumba ya mwenyewe ilihesabiwa kuwa na uharibifu mkubwa ikiwa mkaguzi ameandika kuanzia dola 8,000, au ikiwa maji yamepanda kiasi fulani ndani. Chini ya mstari huo nyumba haiingii kwenye hesabu ya mgao. Na mpangaji je? FEMA haikagui jengo kwa niaba ya mpangaji, kwa sababu jengo si lake. Inakagua vitu vyake. Basi wizara ikawa inakisia hali ya jengo kwa kuangalia vitu vya mpangaji vilivyoharibika, kuanzia dola 2,000.

Tafakari hilo kidogo. Mtu mwenye sofa, televisheni na friji akilowa maji, jengo lake linaonekana limeumia. Jirani yake mwenye godoro moja na sufuria tatu, kwenye jengo lile lile, ukuta ule ule uliopasuka, anaonekana hakupata kitu. Umaskini wake kabla ya maafa unageuzwa kuwa ushahidi kwamba maafa hayakumgusa. Na kwa kuwa mgao wa jimbo zima hutegemea jumla ya rekodi kama hizo, eneo lenye wapangaji wengi maskini linaweza kuhesabiwa chini ya maumivu yake halisi.

Kisha kuna hati. Kimbunga Maria kilipoikumba Puerto Rico tarehe 20 Septemba 2017, maelfu ya familia yalikataliwa msaada wa kutengeneza nyumba kwa sababu hayakuweza kuthibitisha umiliki. Kisiwani kule watu wengi wamejenga kwenye ardhi ya babu, nyumba zimerithiwa bila kuandikishwa, mauziano yamefanyika kwa maneno mbele ya mashahidi. Ilichukua miaka mingine minne, hadi Septemba 2021, ndipo FEMA ikapanua aina za ushahidi inazokubali, mpaka kufikia tamko la mwenyewe pale hati nyingine zinapokosekana.

Mtu wa pwani yetu akisoma habari hizo za Puerto Rico anaweza kudhani anasoma habari za kwao. Ni nyumba ngapi za Tanga, Lamu au Unguja ambazo bado ni mirathi isiyogawanywa, na jina kwenye karatasi, kama karatasi ipo, ni la marehemu wa miaka thelathini? Mombasa ndiko hali inapozidi ugumu, maana kuna kile wenyeji wanachokiita nyumba bila shamba: nyumba ni yako, umeijenga, unaipangisha, unaweza hata kuiuza, lakini ardhi ni ya mtu mwingine unayemlipa kodi ya kiwanja. Mfumo wa taarifa uliotungwa na mtu anayedhani kila nyumba ina hati moja na mmiliki mmoja utamkataa huyo mwenye nyumba kwa dhamiri safi kabisa. Kwa hiyo safu ya "mmiliki" haitoshi. Panahitajika safu ya nani alijenga, nani anakaa, nani anapokea kodi na ardhi ni ya nani, na kila moja ijazwe peke yake.

Mpaka hapa nimesema juu ya madaftari yanayoandikwa na watu. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi inafanywa na satelaiti na modeli za kompyuta, na kuna imani kwamba mashine haina upendeleo. Malawi inayo hadithi ya kutuonya.

Umoja wa Afrika una taasisi ya bima ya maafa kwa serikali, African Risk Capacity. Serikali hulipa ada kila msimu, na modeli yake huangalia mvua kwa satelaiti, kukadiria mavuno yatakuwaje, kisha kukadiria watu wangapi wataathirika. Kiwango kikivukwa, malipo yanatoka bila kusubiri wakaguzi waende shambani. Faida yake ni mwendo: fedha zinaweza kufika kabla watu hawajauza majembe. Malawi ilikata bima hiyo kwa msimu wa 2015 na 2016 kwa ada ya karibu dola milioni 4.7. Msimu ukaharibika vibaya, El Niño ikakausha mahindi, na Aprili 2016 Rais Peter Mutharika akatangaza janga la kitaifa. Watu zaidi ya milioni 6 walihitaji chakula. Modeli ikasema: hakuna malipo.

Wakati wa kuiandaa modeli kwa ajili ya Malawi, ilidhaniwa kuwa wakulima wanapanda mahindi yanayochukua muda mrefu kukomaa. Ukweli ni kwamba wengi walikuwa wamehamia kwenye mbegu za muda mfupi. Mbegu fupi na mbegu ndefu hazihitaji mvua siku zile zile. Mvua ambayo kwa mahindi marefu ingetosha kuyaokoa, kwa mafupi ilikatika wakati mbelewele zinatoka na punje zinajaa. Satelaiti iliiona mvua vizuri. Haikuona mbegu iliyo mkononi mwa mkulima, na hakuna aliyeiambia. Ilibidi watu warudi vijijini, waulize swali ambalo bwana shamba yeyote angelijibu akiwa amesimama mlangoni kwake, ndipo modeli ikasahihishwa na Malawi ikalipwa dola milioni 8.1. Fedha zilifika Januari 2017, miezi tisa baada ya rais kutangaza janga. Bima iliyonunuliwa kwa ajili ya wepesi.

Sitaki msomaji atoke hapa akidhani modeli hazifai. Kaskazini mwa Kenya upo mfano unaonipa moyo, na nautaja kwa furaha. Mpango wa Hunger Safety Net katika kaunti za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, unaosimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Kukabiliana na Ukame, ulifanya jambo ambalo serikali nyingi zimeshindwa: uliandikisha watu kabla. Katika awamu yake ya pili, iliyoanza 2013, karibu kila kaya ya kaunti hizo iliandikwa, hali yake ikapimwa kwa maswali ya mali na kwa kauli ya jamii yenyewe, na kaya nyingi zikafunguliwa akaunti za benki. Katika awamu hiyo kaya kama 100,000 zilizo maskini zaidi zilipokea fedha mara kwa mara, ukame uwepo usiwepo. Zilizobaki hazikupokea kitu wakati wa kawaida, ila jina lilikuwepo na akaunti ilikuwepo. Satelaiti hulinganisha ukijani wa malisho na ule wa miaka ya nyuma kwa msimu huo huo, kwenye kipimo cha sifuri hadi mia. Wastani wa miezi mitatu ukishuka chini ya 20, ukame ni mkali. Chini ya 10, umepita kiasi. Hapo kaya nyingine zinaongezwa kwenye malipo, na kadiri hali inavyozidi ndivyo zinavyoongezwa nyingi zaidi.

Tazama mpangilio wake: daftari la watu limeandikwa wakati wa utulivu, kipimo cha maafa kimekubaliwa mapema, na njia ya fedha imechimbwa kabla mvua haijakatika. Maafa yakija, hakuna anayetafuta kalamu.

Hata hivyo mpango huo una nyufa zake, na afadhali zisemwe. Kipimo cha ukijani hakijui mti upi ni upi. Mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa kutoka Amerika na kusambaa Turkana, Baringo na Garissa, hubaki kijani hata nyasi zikikauka, na majani yake mifugo haiyapendi. Kutoka angani ni kijani. Kwa mbuzi si malisho. Pia wastani wa eneo kubwa huficha bonde moja lililokauka katikati ya mabonde mawili yaliyonyeshewa. Na daftari lenyewe huzeeka: mama aliyeandikwa 2013 akiwa na mume na ng'ombe kumi leo anaweza kuwa mjane asiye na hata mmoja, na kwenye mfumo bado ni mke wa mfugaji mwenye uwezo. Daftari linataka kuhuishwa kama kisima kinavyotaka kuzibuliwa, na kazi hiyo haina sherehe ya kukata utepe, ndiyo maana bajeti yake hukatwa kwanza.

Kwa upande wa Tanzania, naona tuko karibu na daftari zuri kuliko tunavyojidhania. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na kwa mara ya kwanza ikahesabu majengo pia, zaidi ya milioni 14. Mwaka huo huo ilikuwa operesheni ya anwani za makazi, vibao vikabandikwa milangoni na nguzo za majina ya mitaa zikasimikwa hadi vijijini. TASAF ina kumbukumbu za kaya maskini, NIDA ina utambulisho wa watu, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa tangu taifa hadi kijiji na mtaa. Vipande vyote vipo. Kinachokosekana ni uzi wa kuvishona, na mimi nasema uzi huo uwe ni nyumba, si mtu peke yake. Mtu huhama, hubadili namba ya simu, hufariki. Nyumba ina mahali. Kibao kikisombwa na maji, alama yake kwenye ramani haisombwi. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na kuua zaidi ya watu 80, palikuwa na viwanja ambapo mgeni asingeweza kusema kama palijengwa kitu. Mahali kama pale, rekodi ya nyumba iliyoandikwa mwaka mmoja kabla ni shahidi ambaye hakuna mwingine wa kumshinda.

Juu ya uzi huo, fomu yenyewe ya mtaa si lazima iwe ndefu. Namba ya anwani. Nani anakaa, chumba kwa chumba, na nani anapangisha. Kuta na paa ni za nini. Shughuli gani ya kipato hufanyika pale, maana fundi cherehani, kinyozi na mama lishe wamo majumbani mwetu, na maafa yakija huondoka na karakana zao. Baada ya maafa zinaongezwa tarehe, kina cha maji ukutani kwa sentimita, picha, uharibifu na hasara kila kimoja kwenye safu yake. Alama ya maji ukutani ni ushahidi mzuri ajabu: haidanganyi, haihitaji mtaalamu, na hudumu kwa wiki kadhaa mpaka mtu apake chokaa.

Kisha orodha ibandikwe. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimeona linavyokwepwa. Karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mtaa kwa siku kumi na nne, pamoja na jina la mtu wa kumlalamikia na tarehe ya mwisho ya kulalamika, husafisha daftari kuliko mkaguzi yeyote. Majirani wanajua nani aliandikwa mara tatu. Wanajua pia nani alikuwa kwa dada yake. Lakini isibandikwe kila kitu. Namba ya simu, ya kitambulisho, ugonjwa, mjane anayeishi peke yake na watoto: hayo ni mambo ya ndani, na mikononi mwa tapeli huwa mtego, hasa siku ambazo watu wanasubiri ujumbe wa pesa kwenye simu. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Ya kubandika ni jina na namba ya nyumba, na kiwango cha uharibifu. Yatosha.

Na kwa serikali kuu, kanuni ya mgao nayo ibandikwe. Wananchi wa Louisiana waliweza kwenda mahakamani kwa sababu kanuni ilikuwa imeandikwa na wangeweza kuipiga hesabu wenyewe. Malawi iliweza kudai modeli irekebishwe kwa sababu makisio ya mbegu yalikuwa mahali ambapo mtu angeweza kuyaona na kuyahoji. Pasipo kanuni ya wazi, mwathirika anabaki kulalamika kwamba ameonewa, na ofisa anabaki kujibu kwamba utaratibu umefuatwa, na wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli.

Wakati wa kuandika daftari hili ni kiangazi, Julai na Agosti, vumbi linapotimka na hakuna anayefikiria mafuriko. Mtendaji na mjumbe wake wanaweza kumaliza mtaa mmoja kwa jioni chache, kwa simu yenye kamera na kaunta buku la akiba betri ikiisha. Kule bondeni, wakigeuka nyuma ya ile nyumba iliyoandikwa mara tatu, watamkuta mama mmoja amenunua kikaango kingine. Wamuulize anauza vitumbua vingapi kwa siku, na waandike.